Vinywele vya Mpira

Rimu nyepesi mteja alishazichagua. Sasa alikuwa analieleza duka zima kwa nini gari lake la michezo linahitaji tairi pana zaidi.

"Hizi za zamani zinanitupa, fundi. Kule uwanja wa mashindano, nikiingia kona, hazishiki kabisa. Jumapili iliyopita nusura nipinduke."

Mkewe, ambaye kila Jumapili chakula hakimpiti kooni mpaka asikie geti likifunguliwa, alikuwa ameketi juu ya rundo la tairi hizo za zamani, zilizotoka kufunguliwa kwenye gari.

Fundi akaleta mpya, akapapasa vinywele vya mpira vilivyosimama ukingoni. "Hivi visikutie wasiwasi, bosi. Kona ya kwanza ya kasi inavinyoa vyote."

Mkewe akainama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa tairi aliyoikalia, taratibu, mzunguko mzima. Vinywele vilikuwa vinalala na kuinuka chini ya kidole chake. Hata kimoja hakijanyolewa.

Alipoinua macho, mumewe alikuwa anatazama viatu vyake, masikio yanamwaka moto.

"Mpe hizo pana," mkewe akamwambia fundi. "Hizi za zamani zitaniulia mume."