Mikono Yulu

Kosa ilikuwa ya Rémy, na mwenyewe hakatai. Kama kazi yako ni kuzoeza viungo vya wagonjwa, na unapenda kuwachekesha, pima kwanza maneno.

Asubuhi ile Mama Émilienne, mwenye ugonjwa wa Parkinson, alikuwa mbele yake. Vidole vilikuwa vimejikunja juu ya magoti, vinatetemeka tu, vinakataa kufunguka.

“Mama, leo vidole viko na kiburi!” Rémy akasema. Halafu akashika fimbo ya mazoezi kama bunduki, akakaza sauti ya maaskari wa wakati ya vita: “Mikono yulu!”

Mikono ikapanda juu mara moja, ikapita kitambaa cha kichwa, vidole vyote wazi, hata kimoja hakitetemeki. Hilo njo zoezi lenyewe alilokuwa anamuomba tangu Pasaka.

“Bravo, Mama!”

Mama alikuwa anaangalia fimbo. Binti yake aliyemuleta akajiziba mdomo.

“Chef,” Mama akasema polepole, “beba mbuzi, beba muchele yote.” Akaonyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa tupu. “Lakini huyu mutoto wangu, hataweza kubeba masanduku yenu ya masasi ya bunduki. Nakuomba, chef, umuache.”