Chembe za Fedha

Dramu ilining'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo, imepigwa msasa hadi mbao ikabaki tupu. Mzee Bakuza aliipulizia rangi yenye chembe za fedha, akarudi nyuma kutazama. Chembe zilikuwa zimejipanga kama mawimbi, huku zimerundikana, kule hakuna kitu.

"Bomba hili la kupulizia limeziba," alisema, akaifuta rangi yote kwa tina, dawa ya kuyeyushia rangi. Akapuliza tena. Mawimbi yaleyale.

Mkewe aliacha kuchambua mchele. "Hebu nipe nijaribu, Baba Tunu."

Akapuliza taratibu, upande hadi upande. Chembe zikalala sawasawa.

Wote wawili walilitazama lile bomba.

"Jumamosi harusini utapiga?" mkewe akauliza.

"Nilianza kuipiga dramu hii hata hujanijua."

Rangi ilipokauka, alishika ukingo wa dramu kwa vidole. Upepo haukuwapo. Dramu ikatetemeka pamoja na vidole vyake, na chembe zote zikaanza kumetameta, harakaharaka, bila kutulia.

Mkewe akaufunika mkono wa mumewe kwa kiganja, akaubana kwa nguvu.

Chembe zikaendelea kucheza.