Ujasiri wa Mama

Siku hizi ujasiri haujengwi. Mzazi huenda kliniki, akahamishiwa mwanawe ujasiri wake. Mama alinipa ujasiri wake wote nilipokuwa naogopa kusukumwa uwanjani. Leo, kwenye mashindano ya kusukumana, nikiwa na viatu vyangu vya magurudumu, niliwapiga kikumbo wapinzani wote nikapita, na uwanja mzima ukaimba: "Mwikali! Mwikali!"

Nyumbani nilimkuta Mama, ambaye zamani alikuwa akifokea soko zima, amekaa na njaa. Jirani aliazima jiko letu asubuhi, na Mama ameogopa kulidai.

"Mama, kesho twende kliniki ukachukue ujasiri wako."

"Lazima niuombe kwa mdomo wangu," alinong'ona. "Mbele ya daktari."

"Nitakushika mkono."

Aliinamisha kichwa. "Basi mwambie daktari mimi siutaki, mwanangu."