Sura ya Saba

Wokovu ulikuwa na kurasa kumi na sita, na fundi aliuchana wote kwa mikono yake, taratibu, huku akipiga mluzi.

Saa nne asubuhi. Mezani palikuwa na kopo la gundi, sindano, na uzi uliopakwa nta. Kitabu cha mwalimu wake wa zamani kilikuwa kimebanwa kati ya mbao mbili, mgongo juu, kikisubiri jalada. Kila fundi wa kujalidi vitabu huimarisha mgongo kwa karatasi za taka: huzichana vipande virefu, huvilowesha gundi, huvibandika kimoja juu ya kingine. Vikikauka vinakuwa kitu kimoja, na hakuna maji wala kisu cha kuvitenganisha tena. Leo taka ilikuwa sura ya saba.

Wiki tatu nyuma, mwalimu aliingia dukani akishikwa mkono na binti yake, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikumbatia bunda la karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Ilikuwa kazi ya maisha yake: dhambi, moto na wokovu katika vitabu vya kale.

"Nakala ndiyo hiyo moja, mwanangu," alisema. "Niliandika kabla macho hayajaniaga."

"Nimesikia."

"Sura ya mwisho uishone vizuri. Isije ikadondoka."

"Hapa hakidondoki kitu."

"Haya. Na mama, hajambo?"

"Hajambo," fundi alijibu kwa mkato. Wazee ndivyo walivyo, huulizia mama wa kila mtu.

Mwalimu hakumkumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi. Miaka thelathini na moja iliyopita, kitabu kikongwe chenye picha za watu motoni kilitoweka kwenye kabati la shule. Ufunguo walikuwa nao wawili tu: mwalimu, na msichana aliyepanga vitabu, ambaye ndiye fundi wa leo. Mwalimu alimsimamisha msichana mbele ya darasa, akamnyooshea kidole. "Mwizi ni huyu." Masomo yake yakaishia hapo.

Shule aliisamehe. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu lake alikuwa akiishi nalo nyumba moja. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mama yake alilijua neno la mwalimu tu. "Mwalimu hawezi kusema uongo," alisema siku ile, na hakurudia tena. Hakuwa na haja. Tangu hapo, fundi akiingia chumbani kwake, hata akiwa amebeba chai, mama huvuta mkoba wake na kuupakata. Bintiye anampikia, anamfulia, anamwogesha, na mkoba uko mapajani, zipu imefungwa.

Kwa kawaida fundi hasomi kazi ya mteja. Akisoma, uzi hausogei. Safari hii alisoma. Sura sita, wenye dhambi sita, na mwalimu hakumwonea huruma hata mmoja wao. Wa sita alikuwa mtu aliyemtwika asiye na hatia dhambi yake mwenyewe. Sura ilimwacha mlangoni mwa moto, ikamalizia hivi: "Sasa na aseme mwenyewe."

Alipofunua ukurasa akakuta kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: SURA YA SABA, WOKOVU. Damu ikamchemka.

"Wokovu!" aliliambia kopo la gundi. "Mimi alininyima dakika moja ya kujitetea, leo anagawa wokovu!"

Hakusoma hata mstari mmoja. Wenye dhambi wake wabaki huko huko motoni, naye afe na kitabu kisicho na mlango wa kutokea. Mahali pa sura ile alishona karatasi tupu, kurasa zile zile kumi na sita, ili kipofu akipapasa aridhike na unene. Halafu ndipo akaichana. Alifurahi. Tusidanganyane, kisasi ni kitamu, na yeye alikuwa amekingoja tangu ujana.

Ijumaa kitabu kilikuwa tayari, jalada jekundu, mgongo mgumu kama ubao. Mwalimu hakuja. Wiki iliyofuata alitokea mlangoni binti yake, amevaa nguo nyeusi.

"Baba tumemzika Jumanne."

"Pole sana, dada," alisema fundi, na moyoni akamtakia marehemu safari njema ya huko kwenye joto.

"Samahani, nimepitia nyumbani kwako bila kukuuliza. Nimemleta mama yako."

Nyuma yake, mkoba kwapani, alisimama mama yake fundi, ambaye hakuwahi kukanyaga duka lile.

"Ni wosia wa baba," binti aliendelea. "Alikujua siku zote. Mafundi wako wengi, lakini alisema kitabu chake kije kwako wewe. Ile sura ya saba uisome kwa sauti, mama yako akisikia. Ameandika humo ni nani aliyekichukua kile kitabu cha kabatini. Kulisema kwa mdomo alishindwa, hata sisi wanawe hakutuambia. Alisema wewe ndiye wa kuisoma kwanza."

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja, aliuweka mkoba wake sakafuni, karibu na miguu ya bintiye.

"Soma, mwanangu," alisema. "Soma nisikie."

Fundi alifungua kitabu. Ukurasa mweupe. Akafunua mwingine, mweupe. Vidole vyake vilirudi nyuma vyenyewe, vikaugusa ule mgongo mgumu, vikabaki hapo.

Mama alisubiri. Alizitazama zile kurasa tupu, akamtazama binti yake, kisha akainama polepole, akaokota mkoba na kuupakata.