Kanga Aliyemkana Shangazi Yake

Alikuwako ndege Kanga, mwigizaji, ambaye kila aliyemuuliza kwao alimjibu, "Mimi mzaliwa wa mjini."

Siku moja alifanya mazoezi ya kuigiza bibi wa shamba. Akatembea kwa madaha, kucha juu juu, hata mwongozaji Tumbiri akashika kichwa.

"Hujawahi kukanyaga udongo wewe?"

"Sijawahi, bwana," Kanga akajibu kwa fahari.

Mara akaingia shangazi yake kutoka Kichakani, na kikapu cha mtama. Kwao mgeni haketi kabla hajachakura mara tatu kumheshimu mwenyeji. Basi shangazi akalichakura jukwaa, vumbi likatimka.

"Mnajuana?" Tumbiri akauliza.

"Simjui," akasema Kanga.

Tumbiri akalitazama jukwaa lililochakurwa, akaruka kwa furaha. "Mama, wewe ndiye bibi wa shamba!"

Moyo ukampasuka Kanga. "Shikamoo, shangazi! Ni mimi! Hata mimi najua!" Akachakura mpaka manyoya yakapepea.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akacheka. Akamgeukia Tumbiri. "Na huyu naye mpe nafasi, bwana. Aigize mtoto aliyewasahau wa kwao. Hiyo ameshaifanyia mazoezi."