Namba Kumi na Saba

"Ongeza tena," Namba Kumi na Saba aliandika. "Bado naona ukungu."

Mwandaaji wa masomo alishika kiuno. Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki mbili. Herufi alishazikuza mpaka kioo cha simu kikawa kinabeba maneno mawili tu.

Kazi yake ndiyo hiyo: anayesoma polepole anapunguziwa, anayekimbia anaongezewa, kila mmoja kwenye simu yake. Majina hakupewa, alipewa namba. Somo lilikuwa alama za barabarani, na shule nyingi zililichukua. Basi yeye akilini alishamwona mtoto huyu waziwazi: kabeba mkoba, kasimama ukingoni mwa barabara, magari yanapita, hajui lini avuke. Jamani! Picha hiyo ilimkosesha raha, hata chai ilimpolea mezani.

"Huyu mtoto apelekwe kwa daktari wa macho," alimwambia bosi.

"Dada, sisi tunarekebisha masomo. Macho wanayo wenyewe."

Akarudi mezani, akakaa, akainuka tena. Ujumbe mwingine ukaingia: "Mtihani kesho mchana. Nikifeli wananiondoa."

Kumwondoa mtoto shuleni kwa ajili ya macho! Watu hawana hata haya. Alijifungia stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, akaanza kurekodi alama zote kwa sauti yake mwenyewe, maana ile ya mashine ilikuwa inakimbia kama imetumwa dukani.

"Pembetatu nyekundu. Ndani yake watoto wawili wameshikana mikono. Hapa ndipo wanapovuka watoto, mwanangu."

Alama arobaini, hakuruka hata moja. Alitoka jasho likimtiririka, koo limekauka. Akazituma.

"Mungu akubariki, mwalimu," jibu likaja. "Sasa nitapita."

Jioni binti yake alirudi nyumbani kakunja uso. "Mama, leo basi la shule lilipita geti letu. Tukapiga kelele mpaka likarudi nyuma!"

"Dereva wenu anaota mchana," mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kwa kawaida baba ndiye aliyempeleka binti getini. Asubuhi iliyofuata mama alijitolea mwenyewe, mwili mwepesi, ingawa moyo ulikuwa bado kwenye ule mtihani wa mchana. Basi likaja, tairi moja likapanda ukingo wa njia. Binti akaingia, akakaa kiti cha nyuma ya dereva, mlango ukafungwa.

Mama akapunga mkono. Dereva, mzee mwenye tabasamu pana, naye akapunga, ila kuelekea kwenye nguzo ya taa.

Basi likaondoka. Kupitia dirisha lake lililokuwa wazi, kutoka kwenye simu iliyoegemezwa mbele ya usukani, mama akasikia sauti yake mwenyewe: "Pembetatu nyekundu. Ndani yake watoto wawili wameshikana mikono. Hapa ndipo wanapovuka watoto, mwanangu."