Chupa Zisizo na Lebo

Mwanaasha alikilowanisha kichupa cha dawa kwenye bakuli, akakwangua lebo kwa ukucha mpaka kioo kikabaki kitupu. Kiingereza hakijui yeye, lakini mwanawe Shamimu yuko kidato cha pili. Angesoma kila kitu.

Siku ya kwanza pale kliniki, nesi Felicitas alimnong'oneza kwamba insulini ile inatokana na nguruwe. Mwanaasha akaipokea hivyo hivyo. Mtoto ana sukari, bila sindano anakufa, na shehe alisharuhusu kwa dharura. Lakini Shamimu huyo! Kichwa kigumu kama marehemu babake. Mama alipomweleza, alisema nguruwe haingii mwilini mwake, heri afe.

Ndipo Mwanaasha akaikumbuka habari aliyoisikia redioni. Akamwambia mwanawe kuwa siku hizi wataalamu wanachukua jeni ya binadamu, ile inayotengeneza insulini, wanaipandikiza ndani ya bakteria. Bakteria wakizaliana, wote wanaitengeneza. Dawa yako sasa ndiyo hiyo, mwanangu, haina nguruwe hata chembe. Uongo huo uliwavusha karibu miaka miwili.

Mpaka binti alipoanza kujiuliza mbona chupa zote hazina lebo. Akatawadha, akaleta msahafu, akauweka mbele ya mamake.

"Mama, niapie. Dawa hii ni ya bakteria?"

Jamani, si angeapa tu yakaisha! Mkono ulinyanyuka, ukarudi mapajani. Kusema uongo aliweza. Kuapa uongo juu ya msahafu, mwili ulimkataa.

Shamimu hakugomba. Alimbusu mamake mkono, akaenda kulala. Tangu hapo kila sindano aliimwaga chooni kwa siri, na mama alipokuja kugutuka, mtoto hajitambui. Wakamzika Ijumaa, mvua inanyesha.

Hitima ilipokwisha, Mwanaasha alivitoa vichupa vilivyosalia kwenye mtungi alimokuwa akivipoza, akavipeleka kliniki. Kimoja alikuwa bado hajakikwangua.

"Wape watoto wa Kikristo, sista," akasema. "Nyie nguruwe hamna neno naye."

Felicitas akakigeuza kile kichupa chenye lebo, akakisoma.

"Nguruwe gani, mama Shamimu? Zile tulizimaliza tangu mwaka juzi. Hizi zote nilizokuwa nakupa ni za bakteria, si imeandikwa kwenye lebo."

Mwanaasha akautazama mkono wake wa kulia.

"Basi ningeapa," akasema.